Wakishika mpira, wananitazama mimi kwanza

Shikamoo Mwalimu,

Nina miaka 29 na ni kocha wa timu ya netiboli ya wanawake hapa Morogoro. Mimi mwenyewe nilicheza tangu UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, hadi UMISSETA ya sekondari, nafasi ya WD, yaani beki wa pembeni, na goti lilipogoma nikaona nisiuache mchezo, bora niufundishe. Timu yetu ni ya mtaani na haina mfadhili. Wachezaji wangu ni mchanganyiko: wapo wanafunzi wa kidato cha nne, wapo mama lishe, wapo wasusi, na mmoja ana mtoto wa miezi kumi ambaye huja naye uwanjani. Tuna mipira miwili, na mmoja unavuja upepo.

Mwaka jana tulikuwa timu ya kuogopwa. Msimu huu tumefungwa mechi tano mfululizo. Iliyoniuma zaidi ni ya tano, kwa sababu tuliingia robo ya mwisho tukiwa mbele kwa mabao manne, tukapoteza. Nilipandwa na hasira. Niliwakalisha chini palepale, nikataja kila kosa na jina la aliyelifanya. Jumatatu yake nikaweka sheria mpya: kila pasi inayopotea mazoezini, timu nzima inakimbia raundi moja ya uwanja. Siku hiyo walikimbia raundi kumi na moja. Nilidhani wataamka.

Hawakuamka, Mwalimu. Zamani walikuwa wanafika nusu saa kabla, wanasukana, wanataniana, wanaimba, na jioni nawafukuza uwanjani giza likiingia. Sasa wanafika wamechelewa na wamenuna, na ikigonga saa kumi na moja na nusu kila mtu anaangalia simu. Alhamisi iliyopita walikuja sita. Sita! Hata kikosi cha saba hakikutimia. Na hao waliokuja, wakishika mpira wananitazama mimi kwanza kabla ya kutoa pasi, kama vile wanaomba ruhusa. Sekunde tatu zinaisha, filimbi inalia, mpira unakwenda kwa wapinzani.

Nahodha wangu ni binti mwenye heshima sana. Alinifuata pembeni akaniambia, "Kocha, usinielewe vibaya, lakini mazoezi yamekuwa kama adhabu. Wenzangu wanasema bora wabaki nyumbani." Usiku ule sikulala.

Nimefikiria niwaandalie mazoezi ya kufurahisha ili mioyo irudi. Lakini msaidizi wangu, kaka mmoja hodari sana wa mazoezi ya viungo, anasema nikianza michezo ya kitoto sasa hivi nidhamu itakufa kabisa, na tuna wiki tatu tu kabla ya mashindano ya wilaya. Anasema timu inayofungwa haina cha kuchekea.

Naomba ushauri wako. Niwachezeshe nini chenye maana, bila pesa? Na nitarudije nyuma kwenye ile sheria yangu bila kuonekana nimeshindwa?

Kocha aliyekosa usingizi, Morogoro


Marahaba, mwanangu. Pole, na asante kwa kuandika bila kujificha.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye sentensi ileile. Si ile ya mechi tano, wala ya wachezaji sita. Ni pale unaposema wakishika mpira wanakutazama wewe kwanza.

Wewe ulikuwa WD, unajua sekunde tatu za netiboli zilivyo fupi. Mchezaji aliyetulia anazitumia zote kutazama mbele: nani kajiachia, beki kaegemea upande gani, pasi iende juu au ya kudundisha. Mchezaji mwenye hofu anaitumia ya kwanza kukutafuta wewe, ya pili kusoma uso wako, na ya tatu anautupa mpira popote ili lawama imtoke mkononi. Mzembe hafanyi hivyo. Mzembe hakutazami kabisa. Wasichana wako wanajali mno, na sasa wanaogopa kukosea kuliko wanavyotaka kufunga. Timu ya namna hiyo ikiongoza kwa mabao manne inaanza kulinda ndoo ya maji kichwani badala ya kucheza. Nadhani ndicho kilichowapata ile robo ya mwisho.

Kwa hiyo naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu bila hilo haya mengine hayatashika. Sheria ya raundi ifute, na uifute mbele yao, wote wakiwepo. Usizunguke. Waambie: "Nilikasirika, nikawataja majina mbele ya watu, nikageuza kukimbia kuwa adhabu. Nimekosea. Kuanzia leo hakuna raundi ya adhabu." Basi. Usiongeze "lakini na nyinyi pia." Hiyo "lakini" ikitoka tu, msamaha umeisha. Unaogopa utaonekana umeshindwa. Hao ni watu wazima na nusu watu wazima. Wapo wanaoamka saa kumi usiku kuwasha jiko la chapati za biashara. Wanamjua mtu anayekiri kosa na wanamjua anayejitetea.

Hili la raundi nalisema kwa uchungu wangu mwenyewe. Nilipokuwa kijana nikifundisha netiboli shuleni, nilikuwa na GD mmoja, beki wa goli, ambaye mikono yake ilikuwa inafika kwenye mpira kabla ya macho yangu. Alikuwa na tabia ya kuruka mapema, anapigiwa faulo ya kugusana. Nikawa namkimbiza. Kila faulo, raundi mbili. Muhula ule ulipoisha hakurudi kwenye timu, nami nikasema moyoni kwamba hakuwa na moyo wa mchezo. Miaka mingi baadaye nilipeleka kitambaa kwa fundi cherehani, nikamkuta ni yeye. Tulikumbatiana. Akanipimia mikono, akaandika vipimo, halafu akasema bila hasira yoyote, "Mwalimu, netiboli niliipenda kweli. Nilichoka kuhesabu raundi." Nguo ile ninayo hadi leo. Sitaki na wewe uje uambiwe hivyo.

Sasa huyo msaidizi wako. Usimdharau, hoja yake ina mahali inapotoka: ameona timu zinazocheka hadi zinafungwa. Ila anachanganya vitu viwili, mazoezi yasiyo na kazi na mazoezi yasiyo na hofu. Mpe karatasi na kalamu. Kwanza achague wachezaji watatu, awahesabu wanagusa mpira mara ngapi katika dakika kumi za zoezi lenu la kawaida, lile la kusimama foleni na kupasiana. Kisha awahesabu hao hao katika dakika kumi za michezo nitakayokuelekeza hapa chini. Aandike pia nani anahema zaidi. Halafu mjadiliane kwa kutumia karatasi yake.

Na mkumbushe kwamba hata watafiti wameliuliza swali hili. Mwaka 2014 Amanda Visek na wenzake wa Chuo Kikuu cha George Washington, Marekani, walichapisha utafiti ambao uliwauliza watoto wanaocheza soka, makocha wao na wazazi wao ni nini kinachoufanya mchezo ufurahishe. Yalipatikana mambo 81. Yaliyokaa juu yalikuwa ya aina ya kujituma, wachezaji kutendeana vyema, na kocha anayewaheshimu na kuwatia moyo. Kushinda kulikuwa mbali chini ya hayo. Kwa hiyo mtu akikuambia raha ni uvivu, mjibu kwamba kujituma kwenyewe ndiko wachezaji wanakokuita raha, mradi hawajitumi kwa kuogopa fimbo.

Haya, twende uwanjani.

Siku ya kwanza usianze na mpira wa netiboli. Waambie kila mmoja aje na soksi kuukuu au kitambaa chakavu. Kaeni chini ya mti mtengeneze mpira wa rede pamoja, wa matambara, umefungwa kamba vizuri. Enzi zetu tulikuwa tunajaza mifuko ya plastiki, lakini tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019 matambara yanatosha, na tena yana uzito mzuri. Dakika kumi na tano za kukaa chini na kufunga mpira zitakuonyesha mengi. Mikono ikiwa na kazi, midomo hufunguka. Wewe kaa nao, funga wa kwako, usihutubie.

Kisha chezeni rede. Sina haja ya kukufundisha, umeikulia: wawili wanasimama huku na huku, mmoja yuko katikati, wanamlenga naye anakwepa. Lakini itazame kwa jicho la kocha. Anayerusha anatakiwa alenge haraka, adanganye kwa bega, aurushe mpira kwa mwenzake pale mlengwa anapogeukia upande mwingine. Hiyo ndiyo pasi ya netiboli. Aliye katikati anabadili uelekeo kwa miguu mifupi ya haraka, macho hayatoki kwenye mpira. Huo ndio ukabaji. Ongeza masharti mawili tu: mrushaji asikae na mpira zaidi ya hesabu ya tatu, na mpira ulenge chini ya magoti. Kwetu aliye katikati alikuwa anajaza chupa mchanga huku akikwepa, na akiijaza anawaokoa waliotoka. Ukiiweka chupa, hakuna atakayekumbuka kwamba yuko mazoezini, na watainama na kuinuka mara nyingi kuliko msaidizi wako anavyoweza kuwaamuru.

Na atakayeingia katikati wa kwanza ni wewe.

Usikwepe hili. Ulitaja makosa yao mbele za watu. Sasa simama katikati wakulenge. Goti lako linauma, najua, basi ingia kwa dakika moja tu na watakupiga kirahisi. Waache wapige kelele. Waache yule mdogo wa kidato cha nne aliyeitwa jina lake siku ile akulenge hadi akupate. Kelele zitakazotoka hapo zitafanya kazi ambayo hotuba ya saa nzima isingeifanya. Msaidizi wako aingie wa pili, na hodari wa viungo atadumu zaidi, nao watamtaka zaidi.

Rede ikiisha, mpira wa netiboli utoke, mcheze dakika ishirini za kawaida, mrudi nyumbani. Msirefushe. Ni vizuri watu waondoke wakiwa bado wanataka kucheza.

Siku ya pili, tumia theluthi moja tu ya uwanja. Uwanja wa netiboli una mita 30.5 kwa 15.25, kwa hiyo theluthi ni kama hatua kumi kwa kumi na tano, padogo pa kutosha kuwafanya wabanane. Hapo chezeni kidali poo ya mpira. Wakimbizaji ni wawili na wana mpira mmoja. Sheria za miguu zinabaki zilezile za netiboli: mwenye mpira haruhusiwi kutembea nao. Wanatakiwa wapasiane na kusogea hadi wamguse mtu kwa mpira ukiwa mkononi, si kwa kuurusha. Anayeguswa anajiunga na wakimbizaji. Mwishoni wanakuwa kumi wanamwinda mmoja, na huyo mmoja atakumbukwa wiki nzima. Hapo utaona jambo: hawana muda wa kukutazama. Mwenye mpira akitafuta uso wako, windo limeshatoroka. Macho yao yatahama kwako yaende kwa wenzao, nawe hutakuwa umesema neno.

Kwa wale wafungaji wako, ambao nina hakika ndio walioumia zaidi na zile raundi, weka zoezi la kuhesabu pamoja. Nguzo ya goli ina mita 3.05 na haisogei kwa mtu yeyote, ila aliyekosa mara tatu mbele ya kocha aliyenuna huiona ndefu kama mnazi. Timu nzima izunguke goli, kila mmoja anarusha kwa zamu, mabeki wakiwemo, na mnahesabu mabao kwa sauti moja ndani ya dakika kumi. Aliyekosa anachukua mpira anampa anayefuata, hakuna neno. Bao la beki ni mawili. Andikeni jumla mahali, na safari ijayo mjaribu kuivunja. Hamshindani ninyi kwa ninyi, mnashindana na ninyi wa juzi. Na anayefunga anaanzisha wimbo anaoutaka, wengine wanaitikia mpaka bao jingine liingie.

Usinicheke kwa habari ya nyimbo, mwanangu, hili nalishikilia sana. Umesema zamani walikuwa wanaimba. Timu ya kwetu ikinyamaza, jambo limeharibika. Kumbuka Zambia, fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Februari 12, 2012, kule Libreville, Gabon. Walikuwa katika nchi ambayo karibu na pwani yake ndege ya wenzao waliowatangulia ilianguka baharini mwaka 1993 na kuua kikosi kile, na kabla ya fainali walikwenda ufukweni wakaweka maua. Wanacheza na Ivory Coast ya Didier Drogba. Sare ya bila bao, zikaja penalti, na penalti zikawa hazina mwisho. Wazambia walikuwa wamepiga magoti pamoja, wameshikana, wanaimba. Mwenzao akienda kupiga, wanaimba. Mpinzani akifunga, wanaimba. Wakashinda 8-7. Sisemi wimbo ndio uliofunga penalti. Nasema aliyekuwa anatembea peke yake kwenda kwenye nukta ile alikuwa anasikia sauti za watu wake mgongoni. Mfungaji wako ana nini mgongoni anaporusha?

Wiki ya pili fanyeni siku ya kubadilishana herufi. Weka vizibao vyote vyenye herufi za nafasi kwenye mfuko, kila mtu achomoe bila kutazama. GK, mlinda goli, anaweza kujikuta GS, mfungaji, na senta anaweza kujikuta amefungwa kwenye theluthi ya goli akitamani kutoka. Mcheze robo mbili za dakika kumi. Watacheka sana, na ndani ya kicheko hicho GS atagundua jinsi pasi anazozilalamikia zilivyo ngumu kutolewa. Baada ya mchezo usiwaulize wamejifunza nini. Maswali ya namna hiyo yanageuza kila kitu kuwa darasa. Mwache kila mmoja amweleze mwenye nafasi yake jambo moja tu aliloliona gumu. Nilipolifanya hili kwa mara ya kwanza, mfungaji wangu aliyekuwa anawadharau mabeki alimfuata GK akamwambia, "Kumbe unarudi nyuma mara zote hizo?" Ilitosha.

Na chakula cha pamoja cha kuwaunganisha, mtakiwekaje bila pesa? Msimu wa 2015/16, kocha Claudio Ranieri wa Leicester City aliona timu yake inaruhusu bao kila mechi ya ligi, akawaahidi pizza siku wakimaliza bila kufungwa. Oktoba 2015 wakaifunga Crystal Palace 1-0. Akawapeleka mgahawani kweli, ila walipofika wakatakiwa kuzitengeneza wenyewe, wakaingia kwenye unga. Msimu ule walichukua ubingwa wa Uingereza. Kinachonipendeza si pizza, ni huo unga mikononi. Ninyi pikeni. Chungu kimoja cha kande au mihogo ya nazi, Jumamosi baada ya mazoezi. Mama lishe wako ndio wawe makocha siku hiyo, wewe umenye mihogo kama ulivyoagizwa. Lakini kuwa mwangalifu na mchango. Usitangaze kiasi cha fedha. Sema kila mtu alete alichonacho, nyanya moja au kipande cha nazi au kuni mbili, na asiye nacho alete mikono. Nimeona wasichana wakikosa mazoezi wiki nzima kwa sababu ya shilingi elfu moja ya mchango ambayo hawakuwa nayo, na aibu ya kuisema ni kubwa kuliko elfu moja.

Hapo nakuomba usimame kidogo. Kati ya wale ambao hawakuja Alhamisi, si wote wamenuna. Mmoja anaweza kuwa hana nauli. Mwingine mume amesema netiboli basi. Mwingine ana mtihani, au mama yake anaumwa. Rede haitibu hayo. Wafuate mmoja mmoja, uende wewe mwenyewe badala ya kutuma ujumbe kwenye kundi la simu. Uliza "hujambo" kabla ya "mbona huji." Huenda ukigeuza saa ya mazoezi kwa nusu saa tu, wawili wakarudi. Na yule mwenye mtoto, wekeni mkeka na zamu ya kumshika. Mchezaji aliyepumzika ambebe. Mama anayemwona mwanawe anabembelezwa na timu atakimbia kwa miguu miepesi.

Mambo machache ya kukwepa, nayasema kwa haraka. Mbio za magunia kwenye udongo mkavu ziache, netiboli tayari inakula magoti na vifundo vya miguu, wewe ni shahidi. Kuvuta kamba ni kuzuri, tena ni mchezo wa heshima kabisa, hata SHIMIWI, michezo ya watumishi wa wizara na idara za serikali, wanaushindania, ila watu wavae viatu na asijifunge mtu kamba mkononi. Utani wa maumbile ya mtu, unene, wembamba, rangi, usiuruhusu hata mara moja, hata kama mwenyewe anacheka. Wala usiweke adhabu za kuchekesha kwa anayeshindwa, kama kucheza dansi mbele ya wanaume waliosimama pembeni ya uwanja. Hiyo ni raundi ileile, imevaa kanga mpya.

Wiki ya tatu, ya mashindano, usilete mchezo mpya. Rudieni rede wanayoipenda kwa dakika chache kama kupasha mwili, kisha mchezo wenyewe. Katika mchezo wa mazoezi weka dakika tano za ukimya: hakuna anayeruhusiwa kutoa sauti, wanaitana kwa macho na mikono. Wataona ni vigumu sana mwanzoni. Kisha dakika tano za kinyume chake: kila anayetoa pasi anataja kwa sauti jina la anayempa. Majina yao yalitajwa siku ile kwa makosa; sasa yatajwe tena, mara mia, kila mara yakiwa na mpira ndani yake.

Halafu kuna zoezi moja ambalo ni la kwako peke yako, wao hawatakuwa na habari nalo. Siku ya mwisho kabla ya mashindano, wape filimbi wajichezeshe wenyewe, nahodha asimamie. Wewe chukua kiti, kaa kwenye mstari, uwape mgongo. Utazame milima ya Uluguru kwa dakika kumi na tano. Usigeuke. Itakuwa dakika ndefu kuliko zote ulizowahi kukaa uwanjani, kwa sababu utasikia mpira unaanguka na hutajua ni nani aliyeuangusha. Sikiliza kinachofuata baada ya mpira kuanguka. Kukiwa na ukimya, bado kazi ipo, na mazoezi baada ya mashindano mtaendelea nayo. Ukisikia mtu anasema "twende, twende, rudi," na miguu inakimbia, geuza kiti.

Sikuahidi kombe la wilaya. Timu iliyopoteza mechi tano inaweza kupoteza ya sita ikiwa na furaha tele, na wapinzani wako nao wanafanya mazoezi. Ninachokuahidi ni kwamba Alhamisi hutahesabu vichwa kwa hofu.

Niandikie baada ya siku ya kwanza. Uniambie goti linaendeleaje, na ni nani aliyekupata wa kwanza kwenye rede.